Mgonjwa mmoja, nyota moja na kioo

Siku hizi habari yoyote kuhusu akili haikamiliki bila picha ya ubongo wenye mabaka mekundu. Anayeanza saikolojia ya utambuzi, yaani elimu ya namna tunavyoona, tunavyokumbuka, tunavyoongea na kuamua, huelezwa kwamba njia za utafiti ni nne: majaribio ya maabara, uchunguzi wa watu walioumia ubongo, picha za ubongo ukiwa kazini, na programu za kompyuta zinazoiga fikra. Kisha kimyakimya anaachwa aamini kwamba ile ya pili imeshazeeka. Mgonjwa mmoja, jamani, atathibitisha nini?

Tumchukue Henry Molaison, ambaye watafiti walimwita H.M. tu mpaka alipofariki mwaka 2008. Agosti 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville wa Hartford, Marekani, alimkata sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, ikiwemo hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo, mtu aliyezungumza naye, akatoka nje kidogo na kurudi, alipokewa kama mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyesafiri kutoka Montreal kumpima, alimpa nyota iliyochorwa kwa mistari miwili. Apitishe penseli katikati yake, na mkono auone kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone: unataka kwenda juu, penseli inashuka, na kila kona ni vita. H.M. naye alikosea sana mwanzoni. Siku ya tatu makosa yalikuwa machache mno, ilhali hakumbuki kwamba aliwahi kupewa nyota ile. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari. Ikabidi wataalamu waache kuiona kumbukumbu kama ghala moja.

Huko London, mwaka 1969, wanasaikolojia Elizabeth Warrington na Tim Shallice wakaandika juu ya K.F., mgonjwa mwingine aliyeumia ubongo, kinyume chake kabisa. H.M. aliweza kurudia tarakimu kadhaa papo hapo kama mtu yeyote, K.F. alishindwa baada ya moja au mbili, lakini mambo mapya aliyajifunza na kuyashika. Watu wawili tu, na kila mmoja amepoteza alichobaki nacho mwenzake.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. H.M. alikuwa ameishi na kifafa kwa miaka mingi kabla ya kisu, na kisu hakifuati mipaka ya nadharia. Ubongo wake ulipokatwa vipande 2,401 baada ya kifo, ilionekana sehemu ya hipokampasi ilikuwa imebaki, na mbele upande wa kushoto palikuwa na jeraha lisilotarajiwa. Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, kwa upande wake, hupima watu wazima wa afya, wengi, bila kumkata mtu.

Sawa. Ila mwaka 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, mfu, ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu na “kumuuliza” wana hisia gani. Vidoa vikawaka kwenye picha ya ubongo wake. Ni hesabu tu: picha hugawanywa katika visehemu maelfu kwa maelfu, na kila kimoja hupimwa peke yake. Ruhusu kosa 1 katika kila 1,000, na visehemu 50,000 vitakupa vidoa 50 vya bahati nasibu. Waliposahihisha hesabu, vilitoweka. Dawa ipo, basi, lakini wakati huo tafiti nyingi zilikuwa zikichapishwa bila kuitumia.

Hata hesabu ikinyooka, swali langu liko palepale. Taa ya jikoni huwaka kila wali unapopikwa. Haimaanishi ndiyo inayouivisha. Ukitaka kujua, izime. Wenye mashine nao wanalijua hilo, ndiyo maana siku hizi baadhi yao humwekea mtu mzima wa afya sumaku kichwani, wakaivuruga sehemu moja ya ubongo kwa muda mfupi, kisha wakatazama ni kazi ipi imemshinda.