Uyoga wa chini ya mwembe ulioniletea mjumbe nyumbani

Jaribu wewe mwenyewe kutafuta habari za uyoga mtandaoni kwa Kiswahili uone. Utaletewa kilimo cha uyoga mamama, mifuko ya mabua, na jamaa kavaa suti kasimama katikati ya banda anakwambia umaskini basi, piga namba hiyo hapo chini. Sasa mi shida yangu haikuwa umaskini, huo tumeshazoeana. Nilitaka tu kujua ule uyoga mkubwa mweupe uliojichomoza chini ya mwembe wetu hapa Ipuli, Tabora, baada ya zile mvua za Januari, ni wa ukoo gani. Kofia yake ilikuwa imetanuka kushinda sahani ya wali, juu ina magamba magamba ya kahawia, mzuri kweli, yaani ukiuangalia unajisikia njaa.

Ukitafuta kwa Kiingereza ndo unazama kabisa. Unaletewa misitu ya Ulaya, misonobari, mzee wa kizungu na kikapu chake na kijimbwa. Na hapo kuna kitu watu wengi hawakijui: uyoga mwingi wa porini unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti fulani, uyoga unauletea mti maji na chumvichumvi, mti unaulipa sukari. Kwa hiyo mwongozo wa uyoga wa misonobari ya Ulaya ukiuleta kwenye miyombo ya Tabora utapotea mchana kweupe, miti mingine, uyoga mwingine. Ila nikichimba chimba nikapata vya maana. Kumbe kuna kitabu cha uyoga wa Tanzania kabisa, cha mwaka 2003, wamekiandika Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna Index Fungorum, ile ni daftari la majina tu, kila uyoga na jina lake na nani alimpa na lini, ukiingia usiku unatoka asubuhi. Halafu kuna iNaturalist, hii unapiga picha ya mdudu au jani au uyoga unapandisha, programu inakisia, halafu watu wanaojua wanakuja kukusahihisha.

Nikapandisha picha. Programu ikakisia vitu vitatu tofauti, kimoja cha kula, kimoja cha kukulaza hospitali, na kimoja hata sikuelewa ni nini. Nikasema afadhali nisubiri binadamu.

Binadamu akaja. Jamani, hawa watu wa uyoga wanauliza maswali kuliko wakwe wakati wa posa. Picha ya juu haitoshi. Piga chini ya kofia, vile vijikaratasi vimebanana vipi, vimegusa mguu au vimeachia. Ana pete shingoni? Pete inasogea? Usimng'oe, mchimbe, tuone kitako, maana wale Amanita wauaji wengine kitako chao kimekaa ndani ya kama kifuko na kifuko kinabaki ardhini ukivuta kwa pupa, na wale wa kwenye vichuguu wana kama mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Mnuse, harufu gani. Halafu cha mwisho, tupe rangi ya spora, ule unga laini ambao uyoga unauangusha ili uzaliane, kama mbegu zake.

Basi siku hiyo nimetoka kazini nimechelewa, manyunyu yanadondoka, saa mbili usiku. Mama Neema yuko jikoni na mama yake, ambaye alikuwa ametoka Urambo kuja kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake. Sikutaka mkwe anione na mambo yangu, kwa hiyo nikachukua kisu polepole, nikazunguka nyuma, nikawasha tochi ya simu, nikapiga magoti chini ya mwembe. Nachimba taratibu kuuzunguka. Nikautoa mzima mzima na udongo wake. Nikauinua usawa wa uso, nikafumba macho, nikavuta harufu. Nikavuta tena upande wa pili. Halafu nikaiweka simu karibu na mdomo nikarekodi kwa sauti ya chini ili nisisahau: "Pete ipo. Inasogea. Kitako kimevimba, hakina kifuko."

Ng'ambo ya ukuta kuna jirani yetu tunamwita Bi Sikujua, na hilo jina nadhani alipewa kwa utani maana hakuna asilolijua. Nilisikia kama ndoo imeanguka upande wake. Sikutilia maanani.

Sasa spora. Nieleze kidogo maana huu ndo utamu wenyewe. Unakata mguu wa uyoga, unailaza kofia kifudifudi juu ya karatasi, unafunika na bakuli upepo usiingie, unaacha usiku kucha. Zile spora zinadondoka zenyewe toka kwenye vijikaratasi na asubuhi unakuta mchoro, mistari mistari imetoka katikati kwenda pembeni. Zipo nyeupe, za waridi, za kahawia, nyeusi. Kwa sababu nyeupe haionekani kwenye karatasi nyeupe, wanashauri utumie karatasi nusu nyeusi nusu nyeupe. Sasa nyumba ya mtu wa kawaida saa tatu usiku unaipata wapi karatasi nusu nyeusi nusu nyeupe? Nikaangaza macho sebuleni, na juu ya kabati la TV pale, imeegemezwa kwenye chombo cha maua ya plastiki, nikaiona. Ngumu, safi, mbele imeandikwa kwa dhahabu, nyuma haina neno hata moja, nusu nyeusi nusu nyeupe, kama vile waliichapa kwa ajili yangu. Kadi ya harusi.

Nikaigeuza, nikalaza kofia, nikafunika na bakuli la mboga, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Mama mkwe anaamka kabla ya jogoo. Nilichosikia asubuhi ni mfuniko wa sufuria, halafu kimya, halafu sauti ya upole sana kutoka sebuleni.

"Mama Neema. Njoo. Huyu mumeo ametuwekea kichwa mezani."

Nikatoka mbio nikiwa na kaptula na kanga ya mke wangu begani, si unajua tena mbele ya mkwe. Bakuli limeinuliwa. Kofia imesinyaa kidogo, na pembeni yake kwenye kadi kuna vumbi la kijani. Nasema kijani, sio kijani cha majani, ni kijani kilichochanganyika na kijivu, kama ukuta wa zahanati ya zamani. Nikainua kofia. Mchoro umetoka wote, duara, mistari imechanua toka katikati, upande mweusi unawaka, upande mweupe unawaka. Kwa furaha nikasema kwa sauti, "Kijani! Imetoka kijani!"

Hapo ndo mlango ukagongwa.

Mjumbe wetu ni mzee mstaafu wa reli, mtu wa taratibu zake, ana balaghashia na daftari. Nyuma yake Bi Sikujua, nyuma ya Bi Sikujua wanawake wengine wawili ambao hata sielewi walialikwa na nani. Shikamoo zikapita. Mzee akakaa, akafungua daftari.

"Baba Neema, kuna malalamiko. Inasemekana jana usiku ulikuwa unafukia kitu chini ya mwembe."

"Sikuwa nafukia mzee, nilikuwa nafukua."

Nikaona anaandika. Nikajua nimezidi kujichimbia.

"Unafukua nini?"

"Uyoga."

"Usiku?"

"Nilichelewa kazini."

"Na inasemekana ulikuwa unaunusa na kuuongelesha."

"Kunusa ndio. Wanataka harufu."

Mzee akaacha kuandika. "Wanataka kina nani?"

Jaribu kujibu hilo swali mbele ya watu waliokuja na jibu lao tayari. Nikasema, "Watu wa kwenye simu." Bi Sikujua akavuta pumzi ndefu akasogea karibu na mlango. Wakati huohuo macho yake yakatua mezani, akaiona kadi. Duara la kijani, mistari imechanua, nusu giza nusu mwanga, na kwa upande wa pili majina ya maharusi wawili wasio na hatia.

"Hirizi hiyo," akasema. "Na wameandikwa majina."

Ilibidi niokoe hali haraka, na bahati nzuri simu ikalia tiririti, mtaalamu amejibu ile picha niliyomtumia dakika chache kabla. Nikasema, "Mzee subiri, majibu haya hapa, nasoma mbele ya wote muone hakuna siri." Nikasimama nikasoma kwa sauti ya shuleni:

"Chlorophyllum molybdites."

Kimya. Mmoja wa wale wawili wasioalikwa akatoka nje. Nikaona haijaeleweka, nikaendelea kufafanua, na kadiri nilivyofafanua ndivyo ilivyozidi kuharibika, maana nikaanza kutaja na wale ambao sio: sio Termitomyces, sio Amanita, sio Macrolepiota, na mkono mmoja nimeshika ile kofia juu hewani. Mjumbe akavua balaghashia akaiweka magotini. Neema, mwanangu, umri wa darasa la pili, akauliza, "Baba unawaita?"

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa anakunywa chai yake. Akaichukua ile kofia mkononi kwangu, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayetazama noti mbovu, akasema, "Huu si ule wa kutapisha? Tulikuwa tunafukuzia watoto huu wasiuchezee. Mzee, huu ukiupika jioni, kabla hujalala familia nzima iko chooni." Na ndivyo yule mtaalamu alivyokuwa ameandika, neno kwa neno karibu: kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na kati ya huu na wale wa kula wanaofanana nao, hizi spora za kijani ndo zinazomuumbua. Nikamwonyesha mama mkwe hayo maelezo ya spora. Akasema hayo ya vumbi hayajui, yeye anajua wa kula haumfuati mtu mpaka uani kwake. Nilitaka kumwambia kuna Termitomyces, ule ukoo wa uyoga wa mchwa unaoliwa, wengine wadogo wanaota hata viwanjani, ila mkwe habishiwi, na ndiye alikuwa wakili wangu pekee.

Mjumbe akataka kuona mwenyewe kwenye simu. Hapo kesi ikafa. Nikamwonyesha Termitomyces titanicus, uyoga wa kwenye vichuguu, walimwandika rasmi mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake inaweza kufika mita moja, mtu anaushika kama mwavuli. Mzee akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema kuza. Nikamweleza kwamba mchwa wenyewe ndo wakulima, wanaulisha ule ukuvu majani makavu na miti waliyotafuna, wanakula wanacholima, na uyoga tunaoula sisi ni ule unaotoboa kichuguu mvua zikinyesha. Mama mkwe akasema wao walikuwa wanajikinga na mvua na huo huo toka shambani na hakuna mzungu aliyekuja kuwapiga picha. Hata Bi Sikujua akasogea, akauliza kama kuna picha za ule ambao ukiweka kitunguu kwenye sufuria kinabadilika rangi ujue una sumu. Nikamwambia hiyo ya kitunguu ni hadithi, haipo, wala kijiko cha fedha, sumu ya Amanita haiogopi kitunguu wala moto, na dalili zake zinaweza kukaa saa sita au zaidi ndo zianze, wakati umeshasahau ulikula nini. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama binadamu. Halafu bando likaisha.

Walipoondoka ndo Mama Neema akaigeuza kadi akaona mbele yake.

"Baba Neema. Hii ni kadi ya kesho."

"Naijua."

"Double. Tumeichangia laki moja."

Kufuta haikuwezekana, zile spora ukizigusa zinapakaa, unazidi kuchafua. Nikakumbuka mahali niliposoma kwamba wenyewe wakitaka mchoro udumu wanaupulizia spray ya nywele. Ya mke wangu ilikuwa karibu kuisha, nikaimalizia. Ikakauka, ikang'aa, ikawa na harufu ya saluni.

Kesho yake mlangoni ukumbini kuna vijana wawili wa kamati, wanapokea kadi, wanachana pembe, wanakuelekeza meza. Foleni ndefu. Mbele yetu alikuwepo Bi Sikujua, kadi single, akaelekezwa kule nyuma karibu na spika. Tukafika sisi. Kijana akaichukua, akaangalia mbele, akageuza. Akakaa kimya. Akaipitisha kidole juu ya ile duara inayong'aa, akainusa, akamwita mwenzake pembeni. Wakanong'ona. Mama Neema ananibana mkono mpaka damu inasimama.

Kijana akarudi, hakuchana pembe. Akainama kidogo.

"Samahani sana, hatukuwa tumeambiwa kama kuna kadi za muhuri. Mama na wazee karibuni huku mbele."

Tukapelekwa meza ya pili kutoka kwa maharusi, ile yenye kitambaa cha satini na maji ya chupa. Nilikuwa sijakaa sawasawa akaja MC na kikaratasi, ananong'ona, anataka kujua anitambulishe kwa cheo gani. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akawahi.

"Andika daktari wa uyoga."

Akaandika. Na akatangaza, kwa kipaza sauti, ukumbi mzima, kwamba pamoja nasi leo tunaye daktari wa uyoga, asimame tumwone. Nikasimama, nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi, mjumbe akapiga vigelegele, mzee mzima na balaghashia yake, na kule nyuma karibu na spika Bi Sikujua alikuwa tayari anamweleza jirani yake wa meza kitu kirefu sana huku akinionyeshea kidole.