Landrova si kaunta ya juisi

Juzi Jumamosi jamaa zangu walinivuta tukaenda mahali fulani ufuoni, jina sisemi wala upande gani wa kisiwa sisemi manake sitaki simu za mawakili, pahali papya papya hivi pa kupigia picha, mito ya rangi, taa za kamba, dafu bei mara tatu ya lile la mkokoteni. Naingia tu naona kaunta. Kaunta yenyewe ni Landrova. Series II, lile toleo la pili, wallahi, uso mzima, zile taa bado ziko katikati kwenye wavu, kabla hawajazihamishia kwenye mafenda mwishoni mwa miaka ya 60. Boneti ipo, mafenda yote mawili yapo, halafu pale panapoanza milango wamepitisha grainda ikabaki nusu, juu wamelaza ubao uliopakwa vanishi, na kijana amesimama pale ilipokuwa gia anakamua ndimu.

Nikainama nikachungulia chini. Ndo tabia yangu, hata harusini naangalia magari ya wageni uvunguni. Kile kipande cha chesisi, yaani mifupa ya chini ya gari, kilichobaki ni kizima! Nikakigonga kwa funguo, chuma kinalia vizuri, hakuna tundu, hakuna kiraka. Namuuliza kijana, nusu ya nyuma iko wapi? "Sijui anko, labda ilienda skrapu."

Anko. Haya.

Tangu siku hiyo nna jambo la kusema na nalisema hapa manake kwenye grupu ya WhatsApp nshaambiwa napiga kelele. Ni hivi: anayemaliza hizi jeep na Landrova za Pwani si mtu wa skrapu. Mtu wa skrapu mnamuonea tu. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu, ile stori ya nguzo za stima kung'olewa vyuma, kuna wenzetu walishangilia ati sasa magari ya zamani yamepona. Yamepona wapi? Marufuku yenyewe haikudumu, na hata ilipokuwepo magari yaliendelea kuoza kwenye nyumba za watu wenye pesa zao. Mtu wa skrapu ananunua kwa kilo, hakufichi, hana mapenzi na gari na hajawahi kusema anayo. Anayemaliza ni huyu huyu mpenzi wa gari. Ananunua kwa malaki, anapiga picha jua likizama, anaandika "mtoto mpya nyumbani", watu wanaminya mioyo, halafu anaegesha. Basi. Gari imeshakufa hapo, kilichobaki ni kungoja ijulikane.

Mtu wa bara anaweza kuacha gari Nanyuki miaka akarudi akaikuta. Hapa ni Mombasa, yakhe. Hewa ya chumvi haikuulizi kama gari ni ya mapambo ama ya kazi. Na Landrova ina ugonjwa wake wa kuzaliwa nao, bodi ni aluminiamu lakini chesisi, fremu za milango na ule ukuta wa mbele wa miguuni ni chuma, na aluminiamu ikigusana na chuma halafu unyevu wa chumvi ukaingia katikati, aluminiamu inaliwa. Pitisha kidole pale bodi inapofungwa bolti, utakuta rangi imefura vipele na chini yake unga mweupe. Huo si uchafu wa kupangusa, ndo bodi yenyewe inakwisha. Chesisi nayo ni boksi, haiozi nje unakoona wewe na kupaka rangi nyeusi ya kung'aa, inaoza ndani, matope yalioingia miaka ya nyuma yamekaa mule yanashika unyevu kila kusi na kila masika, na wewe uko juu unang'arisha boneti.

Gari ikitembea nusu ya hayo inajitibu. Injini ikipata moto inakausha unyevu, oili inapanda kwenye silinda, breki zinasugua kutu yake zenyewe, na mwenyewe kila mara uko chini na tochi unaona kinachoanza kabla hakijawa msiba. Ikisimama, maji ya breki yanavuta unyevu taratibu na vile vipistoni vya kwenye gurudumu vinakwama, petroli inageuka gundi kwenye kabureta, ringi za pistoni zinashikana na silinda. Na kuna kitu kimoja nataka ukakiangalie leo leo kama unayo nyumbani. Nyuma ya gurudumu la mbele, pale ekseli inapojipindia, kuna tufe la chuma lililopigwa kromu. Gari ikiwa inakata kona sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, inalipangusa lile tufe na kuliachia oili kidogo, linabaki safi. Gari ikisimama miezi hapa kwetu kromu inashika vidoa, vidoa vinakuwa vijitundu, na siku utakayoamua kuiendesha vile vijitundu vinaitafuna sili na oili yote inatiririka ndani ya ringi ya tairi. Fundi atakuwekea sili mpya, atakula pesa yako, baada ya wiki inavuja tena, manake ugonjwa haukuwa sili. Nshaiona hiyo Nyali, kwenye gari iliyokuwa chini ya turubai la bei kuliko bodaboda. Na lile turubai lenyewe ndo lilikuwa linafungia mvuke ndani! Kuifunika gari hivo ni sawa na kumfungia babu yako chumbani ukasema unamtunza.

Halafu hawa hawa ndo wenye kutusomea historia. Haya tuisome basi. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep ya jeshi iliyobaki vitani, anaifanyia kazi shambani kwake Anglesey kule Wales, ikamjia, hii ikichoka ntanunua nini? Hakuna gari ya Kiingereza ya kushika kazi yake. Wakajenga ya majaribio juu ya chesisi ya jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam. Hata hiyo aluminiamu mnayoisifu haikuwekwa kwa urembo, chuma kilikuwa shida baada ya vita, kilitolewa kwa mgao, wakachukua kilichopatikana. Yaani gari nzima ilizaliwa kwa sababu kuna mtu alikuwa anakamua kazi kwenye jeep kuukuu. Wewe umeiwekea kamba nyekundu watoto wasiiguse.

Sasa tufike pale tunapogombana kila siku, hii habari ya orijino. Kuna watu ukiwaonyesha Landrova swali la kwanza ni namba za injini zinaoana na kitabu? Kabureta ni ile ile? Skrubu za wavu ni za zama zake? Sawa. Mimi naheshimu zaidi 109, ile Landrova ndefu, niliyoiona Miritini, fundi ametia dizeli ya Toyota, ile sahani ya kuunganisha injini na gia boksi ameichonga mwenyewe kwenye mashine ya kerezo ya jirani, na hiyo gari inapanda Shimba Hills na tangi la maji nyuma na magunia juu ya tangi, inarudi, kesho tena. Naiheshimu kuliko Series I, lile toleo la kwanza, yenye kila skrubu yake isiyotoka getini. Mniite mshenzi. Ile injini ya petroli ya lita 2.25 inakunywa, kilomita sita saba kwa lita, ukikwama kwenye foleni ya Changamwe unaona pesa zinapaa, na kama bei ya kuendesha ndo inayomfanya mtu aegeshe basi toa hiyo injini, ipake grisi, iweke stoo, tia Toyota, endesha. Injini itarudi siku yoyote utakayotaka. Chesisi iliyoliwa wakati unasubiri plagi za asili kutoka Uingereza hairudi.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna mafundi wamefanya mauaji. Wamekata ukuta wa mbele kupata nafasi, wamechomelea kila kitu kisichotakiwa kuchomelewa, hafushafti, zile fimbo za kuzungusha magurudumu, zinakatika manake dizeli ina nguvu za kuzizidi. Haya, nimekubali. Tuendelee.

Madalali siwapi nafasi kubwa ila hii lazima niseme. Mmoja aliniita niende kwake Tudor ati ana Willys, jeep ya Vita vya Pili, ilishushwa Kilindini 1942 na Waingereza. Hadithi tamu, na kweli mwaka huo Kilindini ilijaa manowari, Eastern Fleet ya Uingereza ilihamia hapa ikikimbia Wajapani. Nafika, nahesabu nafasi za wavu wa mbele: 7. Jeep za vita zilizosawazishwa, za Willys na za Ford, zina 9, hizi 7 zilikuja na zile za kiraia kuanzia 1945. Na boneti imeinuka juu, ndo zile CJ-3B ambazo Mahindra wamezitengeneza India miaka na miaka. Gari nzuri tu! Ningeinunua kama gari ya India kwa bei ya gari ya India. Yeye anataka bei ya jeep iliyopigana Normandy. Nikatoa sumaku yangu mfukoni nikaiweka kwenye mlango wa nyuma, ikaanguka. Nikaiweka tena pembeni, ikaanguka. Bodi ya hiyo ni chuma, sumaku inatakiwa inase, ikianguka ujue umegusa fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. (Kwenye Landrova usijisumbue na sumaku, aluminiamu hainasi, chukua nyundo ndogo na bisibisi ulale chini, anza na mhimili wa mwisho wa nyuma na pale zinaponing'inia springi.)

Na kitabu cha gari, jamani. Nusu ya Landrova nzuri za mji huu kitabu kiko kwa jina la marehemu, warithi sita, mmoja Muscat hashiki simu, mmoja ana kinyongo tangu msiba. Usitoe hata shilingi kabla mirathi haijaisha, kwa Kadhi ama kortini, hata wakulilie.

Kinachonitia uchungu hasa ni hesabu ya mbele. Kenya gari ya mtumba ikizidi miaka 8 haiingii, mnajua nyote mnaoangalia zile meli. Marekani, ikifika miaka 25 wanaikaribisha, masharti yao ya usalama wa magari mapya hayaigusi tena. Yaani mlango wa kuingia umefungwa na wa kutoka uko wazi. Tangu Defender iache kutengenezwa Solihull Januari 2016 hata wasiojua klachi iko wapi wanaulizia Landrova. Tulizonazo ndo hizi hizi, hakuna meli italeta nyingine, halafu mtu mzima na akili zake anachukua nzima anaikata katikati apate pahali pa kuwekea glasi. Kama unataka kaunta chukua iliyooza! Ziko, ntakuonyesha mimi mwenyewe, bure.

Si wote, najua. Wale wa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse wana maringo yao na soksi zao nyeupe lakini angalau magari yanaingia uwanjani yakijiendesha. Na mbio za East African Safari Classic, tangu 2003 watu wanaleta Porsche 911 na Datsun za zamani, gari moja bei ya nyumba yako na ya shemeji yako, wanazitwanga kwenye mawe na vumbi siku tele. Hao wana wazimu ninaouelewa.

Kuna mzee upande wa Kaloleni ana Series III, ilikuwa GK, yaani gari ya serikali, ukikwaruza rangi unaona ile ya zamani chini. Anabebea nazi mpaka Kongowea. Matajiri wamemfuata sana, na kila mnunuzi anamuuliza swali moja tu: "Utabebea nini?" Mmoja alitoka Nairobi na pesa taslimu, akajibu kwa fahari kabisa, mzee wangu mimi sitaibebea chochote, itakaa tu, itunzwe. Mzee akamwangalia. "Basi si umeshaipiga picha? Nenda nayo hiyo."

Nimesikia kuna 109 nyingine nyuma ya ghala Mariakani, mwenyewe anasema inawaka kwa kusukuma na breki ni ya kukisia. Naenda kuilalia chini mvua ikikatika. Ghala lipi siwaambii, mko wengi humu na mna pesa.