Leo chanjo, kesho nini?

Kikao cha wazazi kiliitwa saa nne, kikaanza saa tano na nusu, kama kawaida yetu huku Kibosho. Agenda ya kwanza ilikuwa matokeo, hayo tuyaache. Ya pili ilikuwa chanjo ya HPV. Muuguzi kutoka zahanati alisimama akaeleza kwa utulivu kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi, kwamba aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na kwamba kwa kuwa vinaambukizwa kwa kujamiiana, chanjo inatakiwa imtangulie msichana kabla hajafika huko.

Hapo kwenye "kujamiiana" ndipo mzee mmoja wa nyuma alipopata pa kushika. Akasimama, akavua kofia.

"Mwenyekiti, mimi sina neno na huyu binti, kazi yake anaijua. Ila leo ni chanjo kwa mtoto wa miaka tisa. Kesho watakuja na vidonge vya uzazi. Keshokutwa kondomu ndani ya begi la madaftari. Siku tukishtuka, hatuna mabinti tena."

Makofi. Mimi sikupiga, ila nakiri mikono iliwasha. Nina mabinti wawili, na sentensi ile ilikuwa imepangwa vizuri.

Nimeifikiria sana hoja ya namna ile, ambayo mwenyewe naiita hoja ya utelezi: ukikanyaga hapa tu, utajikuta bondeni. Nadhani inatuingia haraka kwa sababu lugha yetu imeshatuandalia njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdharau mwiba mguu huota tende. Bandu bandu huisha gogo. Mwanzo wa ngoma ni lele. Mtu akisema "leo hiki, kesho kile", hakuna anayemdai ushahidi, maana wahenga wameshamtolea.

Lakini hebu tuzitazame methali zenyewe. Ufa unapanuka kwa sababu mvua inaingia na udongo unalika. Mwiba unaoza ndani ya nyama. Gogo linaisha kwa sababu kuna mtu ana shoka na kuna jiko linasubiri kuni. Wahenga hawakusema mambo yanaharibika yenyewe tu. Kila methali ina kinachosukuma. Hoja ya mzee wetu haikuwa na kinachosukuma. Ilikuwa na "kesho" na "keshokutwa". Nani atatoka kwenye sindano hadi kwenye vidonge? Kwa waraka gani, wa wizara ipi, akipitia mlango upi? Hakusema, na sisi hatukumwuliza kwa sababu tulikuwa tunapiga makofi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuhusu chanjo hii, "kesho" yake imeshapita. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio ulioanza nayo kwa majaribio mwaka 2014, kabla haijatangazwa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 ikawa dozi moja tu badala ya mbili, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mtoto aliyechomwa hapa kwetu mwaka ule wa majaribio akiwa darasani, leo ni mtu mzima, ana kadi ya kupigia kura. Ninawajua baadhi yao. Mmoja anashona nguo Majengo, mmoja yuko chuo, wawili wanauza ndizi Mbuyuni, mmoja kaolewa Rombo na mahari ikalipwa yote (jambo ambalo kwa Wachaga lenyewe ni habari). Wametoka kama dada zao waliowatangulia, wema kwa ukorofi, kiwango kile kile.

Najua, majirani zangu si utafiti. Utafiti upo. Mmoja ulichapishwa Marekani mwaka 2012, ukifuatilia wasichana wapatao 1,400 kwa muda wa hadi miaka mitatu, waliochanjwa wakiwa na miaka 11 au 12 na wasiochanjwa. Waliangalia mimba, magonjwa ya zinaa na ushauri wa uzazi wa mpango, yaani yale yale ya mzee wetu. Waliochanjwa hawakuwazidi wenzao.

Sisi watu wa mlimani tulipaswa kuwa wa mwisho kutishwa na neno mteremko. Tunaishi juu yake. Babu zetu walichimba mifongo: maji yanachukuliwa mtoni huko juu, yanateremka kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo hadi shamba la ukoo, yanamwagilia kahawa na migomba. Mgeni akiyaona yanavyokimbia atadhani yanakwenda kubomoa mji. Hayafiki mjini, kwa sababu kuna banio, kuna zamu, na kuna mtu atakayekufokea ukifungua siku isiyo yako. Kati ya sindano ya zahanati na ile kondomu ya kwenye begi kuna mabanio mangapi? Wizara mbili, bunge, maaskofu, masheikh, na kikao kama kile chetu, ambacho hata mchango wa chaki hakipitishi bila ugomvi.

Sisemi banio halivunjiki. Uingereza ilipolazimisha watoto wachanjwe ndui mwaka 1853, wapo waliosema serikali haitaishia hapo, na kweli haikuishia. Sheria ya 1867 ikakaza zaidi, na mzazi aliyekataa akaweza kutozwa faini tena na tena. Hofu yao ilikuwa na miguu. Ila mwaka 1898 bunge likafungua mlango kwa mzazi ambaye dhamiri yake inakataa. Walioshuka walipanda tena.

Hata hapa nyumbani utelezi wa kweli upo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini vile vifungashio vya kufungia bidhaa vikaachwa. Haikuchukua muda, ukinunua nyanya sokoni unafungiwa kwenye kifungashio, unabeba, unaondoka nacho. Aliyesema mwanzoni "mkiacha hicho, mifuko itarudi kwa jina jingine" alikuwa sahihi, na angeweza kukuonyesha kwa kidole: mwenye genge anataka kitu cha bei ya chini, mteja hana kikapu, na sheria imeacha tundu. Hiyo naiheshimu. Kila hatua ina mtu wake na sababu yake.

Sasa linganisha na mjadala wa wasichana waliopata mimba. Juni 2017, Rais Magufuli alisema akiwa Chalinze kwamba katika utawala wake mwanafunzi mwenye mtoto hatarudi shuleni. Waliomuunga mkono mtaani kwetu walikuwa na sentensi moja: akirudi mmoja, darasa zima litabeba mimba. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Ndalichako, akatangaza kwamba wanarudi. Mimi sijaona binti anayetazama mwenzake akiamka saa nane usiku kunyonyesha, kisha saa kumi na mbili anashuka na tope la masika kwenda shule, akasema na mimi nataka hiyo. Kama mimba ni ya kuambukiza kwa kukaa dawati moja, basi waendesha bodaboda hawana hatia yoyote, na hilo hakuna mzazi Moshi anayeliamini.

Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, navyo vilipozuiwa Machi 2017, kilabuni tuliambiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, inafuata. Nimekunywa mbege Jumapili iliyopita.

Turudi kikaoni. Muuguzi hakubishana. Alimwuliza tu mzee, "Babu, kuna mtu ameshakuambia kuhusu hivyo vidonge, au ni hofu?" Mzee akafikiri kidogo. "Ni hofu, binti yangu." Akaketi. Nilimpenda kwa jibu lile kuliko kwa hotuba yote. Chanjo ikapita.

Agenda ya tatu: mchango wa uji, shilingi elfu tano kwa mtoto. Nikajikuta nimesimama.

"Mwenyekiti, leo ni uji. Kesho itakuwa mlinzi, keshokutwa karatasi za mtihani, na elimu ni bila malipo tangu 2016!"

Yule mzee akageuka akanitazama, kofia mkononi. "Kuna mtu ameshakuambia, baba, au ni hofu?"

Nikatoa pochi. Risiti ya mlinzi ilikuwamo, ya mwaka juzi. Ya karatasi, mwaka jana.

"Soma kwa sauti," akasema mzee.

Nikasoma.