Nailoni ya mlango si takataka

Mlango wa gari umeundwa kwa kujua kwamba maji yataingia ndani yake. Mvua inaponyesha, maji huteremka juu ya kioo, hupenya kando ya mpira wa nje, hushuka hadi chini kabisa ya mlango na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingoni. Kinachoyazuia yasigeukie upande wa abiria ni karatasi moja ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi, nyuma ya kava, yaani pambo la ndani la mlango. Naandika haya nikiwa na hasira, kwa sababu jirani yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, alibadilishiwa mashine ya kioo wakati wa kiangazi, kioo kikapanda na kushuka vizuri miezi yote hiyo, na wiki hii, baada ya mvua kubwa ya kwanza, zulia la mbele limekutwa limelowa hadi chini ya kiti. Tulipofungua kava, nailoni haikuwapo. Fundi aliichana ili mkono wake upite, kisha akaitupa.

Sina ugomvi na sehemu nyingine ya kazi ile. Mafundi wetu wa Lubumbashi wanajua kukata umeme wa betri kwanza, kutafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya mpini, kukibana kioo juu kwa utepe imara ili kisiangukie ndani, kulegeza boloti zinazokishika, na kuitoa mashine yote kupitia tundu ambalo mtu asiye na uzoefu angeapa kwamba haiwezi kupita. Mashine zile zenye mikono inayokunjuka kama mkasi zina springi yenye nguvu inayoweza kumjeruhi mtu vidole ikiwa mota itafunguliwa kabla mikono haijafungwa isicheze, na nimewaona vijana wadogo wakifundishana jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana naumia zaidi: ujuzi wote huo unaharibiwa na kitu kinachohitaji dakika chache tu za subira.

Uharibifu wenyewe haukai kwenye zulia. Chini ya zulia, katika magari mengi, hupita mafungu ya nyaya yanayoelekea kwenye viti, taa za nyuma na pampu ya mafuta. Maji yakituama hapo, viungo vya nyaya huota ile kutu ya kijani ambayo sisi tulioishi katika mji wa shaba tunaitambua kwa mbali, kijani kama cha malakiti, lile jiwe la madini ya shaba. Kisha taa huwaka na kuzimika bila sababu, fyuzi huungua, na mwenye gari hulipa fundi mwingine, wa umeme safari hii, atafute ugonjwa ulioanzia mlangoni. Tena baadhi ya magari mapya yana kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, ambacho husaidia kuamua kama mfuko wa usalama wa pembeni ufumuke gari linapogongwa ubavuni; mlango uliokusudiwa kuzibwa ukiachwa wazi, kipimo hicho hakisomi kama kilivyokusudiwa. Hapo hatuzungumzii tena zulia, tunazungumzia mbavu za mtu.

Tabia hii inaendelea kwa sababu hali ya hewa yetu inaificha. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hakuna mvua, na ndio wakati ambao vumbi jekundu hujaa kwenye mifereji ya mpira, kioo kikawa kizito, kebo ikachanika au vishikizo vya plastiki vikavunjika. Kwa hiyo vioo huharibika katika kiangazi, hutengenezwa katika kiangazi, na kosa huonekana Novemba, wakati hakuna anayeikumbuka tena gereji. Dirisha la kushoto ndilo linaloteseka zaidi katika magari yetu ya usukani wa kulia yanayotoka Japani, kwa kuwa nchi hii huendesha upande wa kulia na kwenye peaje, kituo cha kulipia barabara, ya njia ya Kasumbalesa pesa hupitia dirisha la abiria.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mteja naye ana lake. Anasimama juu ya kichwa cha fundi akihimiza, anataka bei ya chini, na mara nyingine analeta mwenyewe kipuri kilichotumika kisicholingana na mlango wake. Nakubali pia kwamba kipande cha mbao kilichokazwa chini ya kioo kibovu ili kisianguke kinaweza kumfikisha mtu nyumbani usiku akitokea Likasi. Lakini nailoni haigharimu chochote cha kuleta mabishano. Ile gundi nyeusi ikipashwa joto kidogo huachia bila kuchana, na hushika tena. Na kama nailoni ya zamani imekwisha kuoza, karatasi nzito ya plastiki inauzwa kwa mita katika kila soko la mji huu, nayo hukatwa kwa kufuata umbo la ile ya kwanza. Mifereji nayo isafishwe vumbi na kupakwa silikoni kabla ya kioo kurudi, la sivyo mashine mpya itaifuata ya zamani.

Ninachowaomba wenye magari ni kutokubali kava lirudishwe kabla hawajaiona nailoni ikiwa imebandikwa pande zote, ukingo wake wa chini ukielekeza maji ndani ya mlango wala si nje yake. Kioo kikiwa kimefungwa, fundi amwagie maji ndoo nzima kutoka juu, nanyi mtazame yanatokea wapi. Yakitoka kwenye matundu ya chini, alipwe pesa yake yote. Yakitiririka juu ya kizingiti, kava likae pembeni na kazi irudiwe.