Nyundo au bunduki ya misumari kwa kazi ndogo ya nyumbani?

Una chumba kimoja unataka kupiga skatingi chini ya ukuta na zile mbao za kuzungushia mlango, swali ni lilelile, utumie nyundo au utafute bunduki ya misumari? Wengine wanasema mashine ni ya mafundi tu, wengine wanasema nyundo imepitwa na wakati, na mi naona wote wanaangalia kasi wakati kasi siyo ishu kubwa hapa.

Nyundo inaonewa sana. Haitaki betri wala kompresa (mashine ya kusukuma upepo), na kama vipande ni vichache inatosha kabisa: toboa kwanza na drili katundu kembamba kuliko msumari ili mbao isipasuke, piga hadi kichwa kibaki juu kidogo, malizia kwa panchi, kile kichuma cha kugongea kichwa cha msumari kizame, ziba tundu kwa fila, piga msasa, imetoka safi. Shida yake ni kwamba kila pigo linasukuma mbao. Kwenye kona umekata vipande viwili nyuzi 45 vikakutana vizuri, ukipiga mara ya tatu vimeshaachana, na mkono mmoja umeshika msumari mwingine nyundo, sasa mbao anaishika nani?

Hapo ndo mashine inashinda, mkono mmoja unabana mbao, mwingine unavuta triga, msumari umeshaingia na kichwa kimezama kabla mbao haijasogea.

Ila mashine ipi sasa. Geji, yaani namba ya unene wa msumari, zinachanganya watu kwa sababu namba ikiwa kubwa msumari ndo unakuwa mwembamba. Geji 23 ina unene wa kama milimita 0.6, tundu lake hulioni, lakini haishiki kitu kizito, hiyo ni ya vipande vidogo wakati gundi inakauka. Geji 15 na 16 ni za mbao nene na fremu nzito, zinafika milimita 64, ila ukipiga karibu na ncha ya mbao nyembamba inapasuka. Geji 18 iko katikati, milimita 1.2 hivi, urefu mpaka 50, na kwa kazi ndogo mi ningechukua hiyo. Piga hesabu ya urefu kabla hujanunua misumari: skatingi ya milimita 15, nyuma yake bodi ya jipsamu 12.5, basi msumari wa 50 unabakiza kama 22 za kushika kwenye mbao ya fremu iliyo nyuma ya bodi, inatosha. Kama ukuta ni wa tofali au zege usijisumbue, msumari huo utajikunja, nenda na gundi au skrubu na fisha (ile plagi ya plastiki inayoingia kwenye tundu la ukuta).

Upepo au betri? Ya upepo ni nyepesi mkononi na bei yake iko chini, lakini ina kompresa na mpira wa kuburuta chumba kizima, so kama kompresa huna, kuinunua kwa ajili ya chumba kimoja naona ni hasara. Ya betri ni nzito na ghali zaidi, kwenye kazi za juu ya kichwa utausikia huo uzito, ila kama tayari una drili ya kampuni hiyohiyo na betri zinaingiliana, nunua mashine peke yake bila betri, hapo inalipa. Kama huna chochote kati ya hivyo, azima au kodi, kazi ya wikiendi moja haihitaji kumiliki.

Na huo mkono unaobana mbao uangalie sana. Ncha ya msumari wa geji 18 imechongwa kama patasi, ikikutana na kifundo ndani ya mbao inageuka na kutokea pembeni, so vidole vikae mbali na pua ya mashine kuliko urefu wa msumari wenyewe, tena visikae upande ambao msumari unaweza kuchomokea, na miwani ya kazi uivae hata kama ni misumari miwili tu imebaki.