Kambi za Yoga Jambiani: Kisima, Mwani na Mkono wa Mkandaji

Siku za bamvua, maji yakitoka Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, bahari hujivuta mpaka mwambani na pwani yote ikabaki mchanga mweupe wenye vidimbwi. Ndio wakati wa kina mama kushuka mashambani kwao, kamba za mwani mabegani, vigingi mkononi. Wakati huohuo, juu ya jukwaa la mbao lililoezekwa makuti, wageni kumi na wawili wamekaa kwenye mikeka ya mpira, wamefumba macho, wanafundishwa kuvuta pumzi na kuishusha. Kina mama hupita chini yao wakizungumza kwa sauti, kama wazungumzavyo watu waendao kazini.

Asubuhi moja nilimwona kijana wa hoteli akitumwa akawaombe wapunguze sauti. Alikuwa mtoto wa palepale. Akashuka ngazi, akawafikia, akasema "Shikamooni," wakamwitikia "Marahaba mwanangu." Alisimama nao kidogo, kisha akarudi bila ya kuwaambia alichotumwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria suala la kambi za yoga kwa uzito zaidi. Wengi wetu tuna haraka ya kulimaliza: ama tunazisifu kwa sababu zinaleta fedha, ama tunazilaani kwa sababu ya nguo za wageni. Naona pande zote mbili zinaruka mambo makubwa.

Kambi yenyewe ni kitu rahisi kukieleza. Ni siku saba au zaidi, yoga asubuhi na jioni, chakula cha mboga na matunda, kukandwa mwili, kuogelea, kukaa mbali na simu. Biashara hii ilikomaa kwanza Rishikesh na Goa kule India, Bali na Costa Rica. Sasa imeenea ukanda wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, na kwa upande wa Kenya iko Watamu, Diani na Shela, Lamu, ambako tamasha la yoga lilianza mwaka 2014. Wageni wa yoga si wengi ukiwalinganisha na watalii wote. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7 mwaka 2024, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773. Lakini hawa wachache wanafuata kitu tofauti na wenzao. Hawaji kwa ajili ya muziki wala pombe. Wanaufuata utulivu wa kijiji, na utulivu huo una watu wanaouishi.

Je, yoga inasaidia kweli? Inasaidia, kwa kiasi chake. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kujaribiwa kwanza kwa maumivu sugu ya mgongo. Anayesema ni upuuzi mtupu amekosea. Ila faida hiyo haihitaji mnazi wala kusafiri kwa ndege saa kumi, kwa sababu mgongo hunufaika na mazoezi yanayorudiwa wiki baada ya wiki. Tena watafiti wa likizo wamekuta kwamba afueni anayoipata mtu safarini hufifia ndani ya wiki chache tu baada ya kurudi kazini. Kwa hiyo matangazo yanayoahidi kwamba siku saba za Zanzibar zitakubadilisha maisha, mimi siyaamini. Kupumzika ni haki ya kila mtu na hakuhitaji ahadi za namna hiyo.

Kwa upande wa kijiji, hoja ya kuzitetea kambi hizi ina nguvu kuliko wakosoaji wanavyokubali. Hoteli kubwa ya kila kitu ndani humfungia mgeni uani: anakula humo, anacheza humo, anaondoka bila kujua jina la kijiji. Kundi la yoga mara nyingi hukaa kwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane au kumi. Linakula maboga, mihogo, ndizi, mchicha na nazi, vitu ambavyo mkulima wa Unguja anavyo, wakati hoteli nyingi hulisha nyama na jibini zilizotoka ng'ambo. Halipigi muziki hadi alfajiri. Na wengi wao hutembea kijijini kwa miguu, wakanunua vitenge, wakaamkia watu. Kama ningepewa kuchagua jirani kati ya ukumbi wa disko na jukwaa la yoga, nisingefikiri mara mbili.

Lakini maji hayachagui mgeni mstaarabu na asiye mstaarabu. Pwani ya mashariki imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji matamu yaliyo chini yake ni tabaka jembamba lililoelea juu ya maji chumvi, na hujazwa na mvua za masika na vuli. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima kinaharibika, cha hoteli na cha jirani vilevile. Mtafiti Stefan Gössling, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2001 kuhusu pwani hiihii, alikadiria wastani wa lita 685 kwa mtalii mmoja kwa siku, sehemu kubwa zaidi ikiishia kumwagilia bustani. Tangu hapo hoteli zimeongezeka sana. Na msimu mkubwa wa wageni, Juni hadi Septemba, ndio msimu wa kiangazi, visima vikiwa vimepungua. Mgeni huyo anayefundishwa asubuhi kushukuru kwa kila tone hajui kwamba nyasi anazozikanyaga kwenda kwenye jukwaa zinakunywa kuliko nyumba ya mama aliyepita chini yake. Simlaumu yeye, maana hakuna aliyemwambia. Namlaumu mwenye hoteli anayejua.

Fedha nazo zina njia zake. Watu wengi hudhani mgeni akilipa, kijiji kimepata. Kambi nyingi huandaliwa na mwalimu aliye Ulaya au Marekani. Anakodi nyumba nzima kwa wiki, anakusanya wateja wake hukohuko, na wanamlipa hukohuko. Kambi ya wiki moja mara nyingi huzidi dola 1,000 kwa mtu, bila tiketi ya ndege. Kinachofika Jambiani ni bei ya vyumba, chakula na mishahara ya wahudumu. Ada ya kufundisha, ambayo ndiyo sababu ya safari, haigusi kisiwa. Kisheria anayekuja kufanya kazi ya malipo anahitaji kibali cha kazi, na swali la nani anayekifuatilia kwa kambi ya siku saba ni la kuulizwa waziwazi.

Tukiuliza kwa nini wenyeji hawafundishi, huwa tunajibiwa kwamba walimu wenyeji hawapo. Jibu hilo limepitwa na wakati. Nairobi kuna taasisi, Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo imefundisha vijana kuwa walimu wa yoga, wengi wao kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini, na wanaishi kwa kazi hiyo. Hakuna kinachoizuia Unguja isipokuwa kutokuwa na nia.

Suala la dini halinichukui muda mrefu, ingawa ndilo linalopigiwa kelele zaidi. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye kuimba na kuabudu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kama shughuli ya michezo. Waislamu wenyewe hawakukubaliana, na wa kwetu wana haki ya kujiamulia. Wasiwasi wa mzazi anayemwona mgeni akipita mbele ya chuo cha Kurani na nguo ya kuogea ni wasiwasi wa kweli, nao una dawa rahisi: mwenyeji amweleze mgeni siku ya kwanza, kwa upole, mahali pa kujifunika na mahali pa kuwa huru. Wageni niliowahi kuwaona wakielezwa walielewa mara moja.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Sisi tuna elimu yetu ya kumtuliza mtu, na kambi hizi zimeiruka.

Bibi yangu alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa. Alichemsha maji na majani, akajaribu joto kwa kiwiko, akamkanda mzazi tumbo na mgongo na viuno kila siku, hadi arubaini inakaribia. Mikono yake ilinuka mafuta ya nazi hata siku za Idi. Bwana harusi na bibi harusi nao walikuwa na yao: singo, iliyotwangwa na kuchanganywa waridi, asumini, mlangilangi, mrehani na liwa, somo, yaani kungwi wake, akampaka mwari mwili mzima, akamsugua mpaka ngozi ikawa laini, kisha udi ukafukizwa kwenye kanga zake. Hizo ni saa nyingi za mtu mmoja kushughulikiwa na mikono ya watu wanaomjua. Sijui neno jingine la kuiita zaidi ya tiba ya utulivu.

India waliuona mapema umuhimu wa kuishika elimu yao. Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa siku ya kimataifa ya yoga, ikaanza kuadhimishwa 2015, na mwaka 2016 UNESCO ikaiweka yoga kwenye orodha ya urithi usioshikika. Leo mtu akifundisha yoga popote duniani, jina la India linatajwa. Singo yetu inauzwa kwenye chupa nzuri kwa wageni, na mara nyingi jina la aliyeitwanga halimo.

Mwani umeonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na ukawapa wanawake wengi fedha za mkononi, zikajenga nyumba na kulipia skuli. Joto la bahari likaanza kuuharibu, hasa ule aina ya kotonii wenye bei nzuri, na wengi wakabaki na spinosamu wa bei ya chini. Kwenye baadhi ya fukwe wakulima wakalazimika kugombania maji na wacheza tiara za baharini, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Lakini wako kina mama wa Paje waliojifunza kuusaga mwani wakatengeneza sabuni na mafuta ya ngozi, na wageni wa yoga ni wateja wao wazuri. Hapo mgeni ananunua kitu chenye jina la mtu na kijiji chake.

Kwa hiyo siko na wanaotaka kambi zifungwe. Ninachokitaka kinapimika. Hoteli ifungiwe mita ya maji na hesabu yake isomwe mbele ya sheha, kiongozi wa shehia. Bustani ya nyasi isiruhusiwe kwenye mawe, kwani mikwaju na mikadi inatosha kwa kivuli. Njia ya kushukia pwani iachwe wazi, na ratiba ya jukwaa ifuate majira ya maji badala ya wakulima kufuata ratiba ya jukwaa. Mwalimu anayekuja na kundi lake afundishe pamoja na mwalimu wa hapa na amlipe. Na mkandaji aingie kama mjuzi, kwa jina lake na bei aliyoipanga mwenyewe.

Mjukuu mwenzangu anafanya kazi ya kukanda kwenye hoteli moja ufukweni. Alipelekwa mafunzo ya wiki sita, na kwenye orodha ya huduma kazi yake imeandikwa kuwa ni ukandaji wa Bali. Nilimuuliza kama wageni wanamuuliza alikojifunza. Alisema wapo wanaouliza, naye hujibu kwa jina la chuo. Jirani akijifungua, hutoka kazini jioni, akapita dukani kununua mafuta ya nazi, akaenda kumkanda kama alivyofundishwa na bibi.