Mayai ndani, umeme nje

Jamani hivi aliyeandika yale maelekezo ya mashine ya kutotolesha vifaranga anaishi wapi huyu mtu? Kaandika chomeka, weka nyuzi joto 37.5, subiri siku 21. Chomeka! Kirahisi hivyo. Haya nimechomeka, sasa hiyo waya inachukua umeme wapi, ukutani kuna tundu tu pale, umeme wenyewe kwetu ni mgeni haji kwa hodi haondoki kwa kuaga.

Mimi hizo 37.5 nazikuta zinapita tu, ama zinashuka zinaenda kwenye 30 ama zinapanda zinatafuta 39, kwa sababu umeme ukikatika mashine inapoa na ukirudi unarudi na hasira mpaka thamostati, kile kidhibiti joto, inachanganyikiwa. Halafu watu wanahofia baridi wakati yai linavumilia baridi kuliko joto, likipoa kidogo masaa mawili hivi kifaranga anazubaa tu humo ndani anachelewa kutoka, lakini joto likivuka 40 likakaa huko ndugu yangu hutotoleshi tena, unachemsha.

Na giza likiingia tu kila mtu fundi. Jirani anakuja na tochi ya simu, hajaulizwa, anafunua mfuniko eti ngoja nicheki kama bado yana joto. Mzee! Hilo joto unalolicheki ndo unalitoa! Umeme ukikatika mashine haifunuliwi, unafunika blanketi, unapanga chupa za maji ya moto pembeni, matundu ya hewa unayaacha wazi maana yai linapumua kupitia ganda, na wiki ya mwisho kifaranga kashakua anatoa joto lake mwenyewe na hewa anataka nyingi, ukimziba umemuua kwa mapenzi. Sasa mweleze hayo mke wangu saa nane za usiku anavyopapasa kitandani, "baba watoto, blanketi letu liko wapi?" Nikamjibu liko kwa mayai. Akakaa kimya muda mrefu kisha akasema, "mimi nilipoumwa homa hata shuka hukunifunika." Hapo unajibu nini.

Kugeuza sasa. Yai linageuzwa angalau mara 3 kwa siku, bora 5, na iwe namba witiri ili lisilale ubavu uleule kila usiku, usipogeuza kijusi kinaganda upande mmoja wa ganda kinafia hapo. Mashine ina mota ya kugeuza, mota inataka umeme, umeme haupo, kwa hiyo mota ni mimi. Nimechora X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli, sio wino. Naamka kwa alamu, nawa mikono, geuza, rudi kulala, na ofisini wananiuliza una mtoto mchanga? Nasema ninao wengi.

Kuna wa kukushauri tumia taa ya mafuta. Sawa, inafanya kazi kweli, watu wametotolesha kwa kandili miaka na miaka, unaiweka inapasha maji au bati halafu joto ndo linaenda kwa mayai. Ila utambi ukiupandisha kidogo tu unatoa masizi, moshi ukiingia kwenye mayai kwaheri, ukiushusha joto limekwenda, kwa hiyo umeacha kulinda umeme unalinda utambi, na shati linanuka mafuta mpaka Jumatatu. Wa sola naye anasema weka betri. Betri hiyo ikiendesha feni peke yake haina neno, ila kile kipasha joto kinaimaliza kabla hata ya alfajiri.

Halafu kuna hii inayoniuma roho. Wamisri tangu enzi na enzi wanatotolesha mayai kwa maelfu kwenye matanuri ya matofali ya udongo, moto wa samadi na mabua, umeme hakuna, kipimajoto hakuna, yule mfanyakazi analichukua yai analigusisha kwenye kope ya jicho anajua joto limetosha au bado. Kwenye kope! Basi na mimi nikajaribu, nimekaa na yai jichoni nasikilizia, mke akatokea mlangoni. Akaniangalia. Akaurudisha mlango taratibu.

Najua utasema si umtafute kuku anayeatamia. Kuku huyu huyu ambaye mayai yakiwa hayapo anaatamia jiwe, ukisogea anakudonoa mkono, halafu siku umemtafutia mayai 12 safi yenye mbegu anasimama, anajikung'uta, anaondoka zake? Na wale wa kisasa wa mayai hata usijisumbue, wamechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya kutaga, hamu ya kuatamia imepotea. Ila kuku akiamua kulala, nasema kwa uchungu, hana mpinzani. Ananyonyoa manyoya ya kifuani ngozi iguse mayai, anageuza mwenyewe usiku na mchana, anatoka kidogo tu kula na kunywa anarudi. Alamu hana.

Ikifika siku ya 18 ndo unaacha kugeuza, unaongeza maji ili unyevu upande kutoka kwenye 50 hivi mpaka 65 au 70 kwa mia, unafunga, hufungui tena. Siku hiyohiyo ndo inaingia meseji, mpendwa mteja kutakuwa na matengenezo ya laini kuanzia asubuhi hadi jioni. Na afadhali wangekata kweli! Wakitangaza hawakati, umechemsha maji sufuria zote bure, wakinyamaza ndo wanakata.

Halafu unasikia pii, pii, ndani ya yai ambalo halina hata ufa, nyumba nzima imejaa hapo, ufa ukitokea kila mtu anataka kusaidia kubandua ganda. Acha! Anaweza kuchukua saa 12 mpaka 24 toka ufa wa kwanza, mishipa ya damu bado haijakauka, ukibandua anavuja. Nimekaa mlangoni na fimbo, namzuia mama mkwe, kwa heshima zote.

Na wakishatoka unadhani nimepumzika? Chakula wanaweza kukikosa siku mbili, kiini walichokivuta tumboni kinawashikilia, ila joto la bruda, pale unapowalelea vifaranga, wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hivi, na blanketi nimeshanyang'anywa. Jogoo ndo kapita dirishani asubuhi, kifua mbele, anawika eti watoto wake.